Begi la Shule Msituni

Kila nikitaja kwamba huwa naingia msituni na kulala huko, hakosi mtu wa kuniuliza abebe begi la ukubwa gani akitaka kwenda na yeye. Mimi humjibu kwa swali: unataka kurudi na nini? Wengi huona nawazungusha. Siwazungushi. Begi lilinitesa kuliko nyuki na kuliko mvua, na nusura linipokonye mizinga ya baba yangu. Nina haki ya kuwa mkali kidogo jambo hili likitajwa.

Nakaa upande wa Kimulot, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa Mau unapoanza. Ukisimama kwenye mstari wa mwisho wa chai yangu, unaweza kurusha jiwe likaangukia msituni. Kuwinda wanyama kulikatazwa kabla sijapata akili, na uwindaji uliobaki kwetu ni wa asali. Kikundi chetu cha msitu kina kibali, na baba alikuwa na mizinga ya magogo huko juu, kupita mto na kupita mianzi. Ni mwendo wa kutwa kwenda, unalala, unavuna asubuhi, halafu unarudi.

Katika nyumba ya baba, nyuma ya mlango, kuna kigingi cha mti kilichopigwa ukutani. Hapo hutundikwa mfuko wa mwenye mizinga. Mfuko wa babu ulitundikwa hapo, kisha wa baba, wa ngozi, mweusi kwa moshi. Kitu cha mtu mwingine hakiwekwi hapo hata nyumba ikijaa wageni. Nikiwa mtoto niliwahi kutundika sweta yangu ya shule kwenye kigingi hicho, mama akaitoa mbio kabla baba hajaingia. Hakunipiga. Aliniambia tu kwamba wasichana wana mahali pao pa kutundika, akanionyesha msumari wa jikoni.

Basi nyonga ya baba ikaharibika. Alianza kutembea na fimbo, kisha akawa anatembea mpaka zizini na kurudi, na safari za msituni zikaisha. Ndugu yangu ni mmoja tu, mwalimu, anafundisha mbali, na nyuki mmoja akimdunga uso wote unafura. Ikabidi mizinga itafutiwe mtu. Akajitokeza binamu yetu wa Chebunyo, mtoto wa baba mdogo, mtu wa ng'ombe na maneno mengi. Alisema atakuja na pikapu, ashushe mizinga yote kutoka mitini na kuipeleka kwake, kwenye miti ya miiba, ambako ataiona kila siku bila kutembea. Baba alikuwa karibu kukubali. Mzinga ulioachwa huingia wadudu na kuoza, na yeye aliona heri ukaishi Chebunyo kuliko kufia Mau.

Niliposikia hivyo nilipanda nyumbani kwa baba nikiwa bado na aproni ya kuchumia chai.

"Baba, nipe mimi hiyo mizinga," nikasema.

Alikunywa chai yake taratibu. Baba huniita kogo, yaani bibi, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na siku zote amenisemesha kama mtu anayemheshimu kwa lazima.

"Kogo, msitu si shamba ya chai."

"Najua."

"Utalala huko?"

"Nitalala."

"Na nani?"

"Na wifi."

Wifi yangu, mke wa huyo ndugu yangu mwalimu, ndiye aliyekuwa anatumiminia chai. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia habari hiyo. Aliendelea kumimina na hakumwaga hata tone.

"Sawa," baba akasema. "Nenda mara moja nione. Lakini uchukue begi ndogo."

Nilitoka pale nimekasirika. Angemwambia mwanamume maneno hayo, ningeyachukua kama ushauri. Kwa kuwa aliniambia mimi, nilisikia kitu kingine kabisa: kwamba mgongo wa mwanamke ni wa begi dogo. Mgongo wangu mimi! Nimebeba chai tangu nikiwa sijafika kiunoni mwa mama, nimebeba kuni, nimebeba watoto wanne na magunia ya mbolea kutoka barabarani. Nilijiambia nitamwonyesha.

Mfuko wake wa ngozi haungeweza kunisaidia, maana panya walikuwa wameutoboa chini, na isitoshe haukuwa wangu. Kwa hiyo siku ya soko nikaenda Kaplong kwa mama mmoja anayeuza mabegi ya mitumba. Ni mtu wa Nyeri, ameolewa huku, ameuza hapo miaka mingi hadi anajua kubishana kwa Kikipsigis. Alikuwa na begi moja jeusi lililotundikwa juu ya mengine yote, lina mikanda ya kifuani na ya kiunoni, na pembeni limeandikwa namba sabini na tano.

"Hii namba ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni lita. Hiyo begi ni lita sabini na tano."

"Lita za nini? Nani anaweka maziwa kwa begi?"

"Mama, mimi sijui, ni hivyo wazungu hupima. Lakini angalia vile iko kubwa. Na ile ndogo nakuuzia bei iko karibu hapo hapo. Kwa nini ubebe kidogo na unaweza kubeba mingi?"

Hapo alinipata. Mtu aliyekulia kwenye chai hawezi kuulizwa swali kama hilo akabaki na akili yake. Sisi tumelelewa na methali moja, haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu ni kikapu. Kwenye kituo cha kununulia chai hakuna anayekusifu kwa ulichoacha kichakani. Anayerudi na kikapu nusu huulizwa kama ni mgonjwa. Nilinunua lile begi jeusi na nikalivaa palepale sokoni, tupu, nikatembea nalo hadi stendi nikijiona mtu wa maana.

Usiku wa kuamkia safari nililipakia. Kila nilichoweka ndani kilizama, na begi likaendelea kudai. Nikatia blanketi mbili, sufuria kubwa na ndogo, chupa ya chai, mursik, maziwa yetu ya kugandisha, katika kibuyu, unga, maharagwe, nguo za kubadili, mwavuli, gambuti za akiba, na ndoo mbili kubwa tupu za kutilia asali. Wifi yangu alikuja na mfuko wa sisal wenye blanketi na mahindi ya kuchemsha, akatazama begi langu, akaniuliza kama mume wangu anajua kwamba nimeondoka.

Kwenye lango la msitu askari alisoma kibali chetu, kisha akalizunguka begi.

"Mama, unahama?"

"Nafanya kazi," nikamjibu.

Mpaka mtoni mambo yalikuwa sawa. Baada ya mto ni kupanda, na baada ya kupanda ni mianzi. Mianzi ya huko imesongamana, njia ni ya wanyama, na unapita kwa kuinama. Mimi nilikuwa nimeinama. Begi lilikuwa bado limesimama. Lilishika kila mwanzi uliolala, likanivuta nyuma, nikasukuma, likaachilia ghafla, nikaenda na magoti. Wifi alipita katikati ya mianzi hiyo bila sauti, akawa ananisubiri mbele akila mahindi. Nilimwambia asinicheke. Akasema hacheki, anatafuna.

Tulifika kwenye pango dogo ambamo baba alikuwa akilala, mvua ikiwa imetunyeshea njia nzima. Ule mwavuli sikuufungua hata mara moja, maana ungefunguka wapi ndani ya mianzi? Asubuhi tukaenda kwenye mizinga. Baba alikuwa amenieleza vizuri habari za moshi, kamba, na kupanda ukiwa umegusa mti kwa tumbo. Tulivaa nguo nyeupe, kwa sababu kila mtu anajua nyuki hawapendi rangi nyeusi. Lakini nilikuwa nimefikiria nguo tu. Begi jeusi lilikaa chini ya mti, na nyuki wakalishukia mpaka likabadilika rangi. Tulisubiri mbali muda mrefu kabla ya kuthubutu kulisogelea tuchukue ndoo.

Halafu nikaanza kuvuna. Nilijua baba huacha asali nyingine mzingani. Kiasi anachoacha sikukijua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpeleka msichana kumwonyesha. Nilikata masega upande wa nyuma wa gogo, yakaingia ndoo ya kwanza, na nilipochungulia nikaona ndoo bado ina nafasi. Mikono yangu haijui kuacha nafasi. Ikaendelea yenyewe, kama inavyoendelea kwenye chai wakati akili iko nyumbani ikifikiria ng'ombe. Mzinga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wifi akauliza kutoka chini kama haijatosha. Nikamwambia ndoo ya pili haijajaa.

Tulirudi na ndoo mbili zilizojaa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu halikuvunjika, mkanda ndio uliokatika, katika mteremko wa kwenda mtoni. Begi liliviringika hadi likagonga mti, kifuniko cha ndoo moja kikafunguka, na asali ikamwagika juu ya blanketi, nguo, unga na gambuti za akiba. Siafu walifika kabla hatujamaliza kulaumiana. Tuliacha kila kilichomwagikiwa pale pale isipokuwa begi lenyewe, tukafunga ndoo iliyobaki kwa kamba, tukaibeba kwa zamu kichwani. Shingo iliniuma juma zima.

Baba alikuwa amekaa nje. Asali hakuitazama. Aliniomba nimsogezee lile begi, akalipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akaweka fimbo ndani yake, na fimbo ikazama karibu yote.

"Umeacha nini kwa mzinga?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuacha kitu kingi.

"Mvua ikianza, nyuki watakula nini?"

Nikainama kufungua kamba ya ndoo.

"Kogo, hiyo begi ndio ilivuna. Si wewe."

Sijawahi kutamani baba anipige kama siku hiyo. Angenipiga ningekasirika, na hasira ningejua pa kuipeleka. Alisema mambo mawili tu zaidi. La kwanza, kwamba binamu atakuja na pikapu maua ya silibwet yakiisha, ule mti ambao nyuki wetu hutoa kwake asali nyeupe. La pili, kwamba mpaka wakati huo mizinga iko mkononi mwangu.

Nilielewa. Nilikuwa nimebakiwa na mavuno mamoja, na baada ya hayo ama ni mimi ama ni pikapu.

Mvua ilipokolea nilipanda kutazama mizinga, bila begi lolote, na kisu tu na chakula mfukoni. Mizinga miwili ilikuwa kimya. Niliweka sikio kwenye gogo la kwanza, nikagonga, nikaweka tena. Nyuki walikuwa wameona njaa wakahama. Nililia chini ya mti ule bila kuona haya, kwa sababu mzinga huo baba aliuchonga mwaka niliozaliwa, na alikuwa ameniambia hivyo mara nyingi kwa fahari. Halafu nikapangusa uso, nikasafisha magogo yote mawili, nikayapaka nta ndani kama alivyonifundisha, nikalala pangoni, na kesho yake nikashuka. Njiani niliapa kwamba binamu yangu hatashusha hata kipande cha gogo.

Jioni hiyo nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama si hasira. Nilimuuliza.

"Baba, wewe ulikuwa unabeba begi kiasi gani?"

Alishangaa. Nafikiri hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mimi sikuwa nabeba begi. Nilikuwa nabeba chakula," akasema. "Chakula ya siku mbili. Nikikula, hiyo nafasi inakuwa ya asali. Nafasi ingine hakuna."

"Na kama mzinga bado umejaa?"

"Hiyo imebaki ni ya nyuki."

Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno hayo barabarani. Yalikuwa rahisi hata yakaniudhi. Mfuko unaingia na chakula, unatoka na asali, na tumbo lako ndilo kipimo. Mtu mmoja hawezi kula kwa siku mbili chakula kingi hata nafasi yake ikijazwa asali nyuki wafe njaa. Baba hakuwa na mizani wala hesabu za mizinga. Ukubwa wa mfuko ulimhesabia, na babu naye ulimhesabia hivyo hivyo.

Kwa hiyo safari hii sikuanza na begi. Nilianza na chakula. Nilichukua ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, ile yenye kifuniko kinachobana, nikatia unga wa watu wawili, maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa na kukaushwa kidogo, majani ya chai na sukari kwenye karatasi. Nilipakia, nikapakua, nikapakia tena, kwa siku kadhaa, mpaka mume wangu akaanza kuniuliza kama ndoo imelala vizuri. Blanketi ikabaki moja, nyepesi. Sufuria ikabaki ile ndogo, na nikagundua kwamba inaingia chini ya ndoo kama kofia iliyogeuzwa. Wifi angebeba kamba, panga, karatasi ya nailoni ya kujifunika mvua, na blanketi yake.

Siku ya soko nikabeba ndoo yangu, blanketi na sufuria hadi Kaplong. Mama wa mitumba aliponiona akafungua mikono.

"Kastama wangu! Ile begi iko aje?"

"Mkanda ulikatika."

"Ulibeba nini, mawe?"

"Nilibeba kila kitu. Leo nataka ambayo haiwezi kubeba kila kitu."

Aliniletea begi la lita hamsini. Nikatia ndoo, ikacheza ndani. Nikamrudishia. Akaleta la arobaini, la kijani, zuri kweli, na mifuko pembeni. Ndoo iliingia, blanketi ikaingia, na juu ikabaki nafasi ya kutosha ndoo ya pili. Nililitazama begi hilo kwa huzuni kidogo, nalo nikarudisha.

"Mama, hiyo nafasi ya juu si utaweka tu kitu ingine?" akasema.

"Hiyo ndiyo shida. Nitaweka."

Wateja wengine walikuwa wameacha kuchagua viatu wakawa wanatuangalia. Alichimba ndani ya lundo mpaka akafika chini kabisa, akatoa begi la shule la mtoto, la rangi ya waridi, lenye picha ya paka aliyevaa taji. Nadhani alitaka kunichekesha. Nililichukua nikalikazia macho. Kitambaa kilikuwa kizito, mishono miwili kwenye kila mkanda, na rangi yenyewe nyuki hawangeichukia. Nikatia sufuria, ndoo, blanketi juu yake. Nikavuta zipu. Ilifunga kwa shida kidogo, na baada ya kufunga haikubaki nafasi ya kutia hata limau.

"Hii," nikasema.

"Hiyo ni ya mtoto wa nursery!"

"Hata hivyo ni hii."

Nililivaa. Kijana mmoja aliyekuwa anauza soksi akaniuliza niko darasa la ngapi. Nikamwambia naanza la kwanza. Soko lilicheka, nami nikacheka pia, lakini sikulivua.

Maua ya silibwet yalipoanza kudondoka tukaingia msituni, mimi na wifi. Askari wa langoni alimtazama paka mwenye taji, akanitazama mimi, akaamua kusoma kibali tu. Kwenye mianzi niliinama na begi likainama nami. Hapo ndipo nilipojua kwamba begi limenikaa, si kwa namba bali kwa sababu nilikuwa nimelisahau. Mvua ilitukuta tukiwa pangoni tayari, sufuria iko motoni.

Asubuhi tukapata tatizo ambalo sikuwa nimelifikiria. Chakula hakikuwa kimeisha. Sima ya usiku ilibaki kipande kikubwa, na maharagwe yalikuwa bado ndani ya ndoo. Wifi akasema tuyamwage.

"Hapana," nikasema. "Tunakula. Nafasi ni ya chakula tuliyokula."

"Nani alisema?"

"Mzee."

"Mzee hayuko hapa."

"Kula, dada."

Tukala. Tulikula tukiwa tumeshiba, tukitazamana kwa chuki, hadi ndoo ikawa tupu. Tukaisuuza kwa maji ya mvua na kuikausha kwa moshi, kisha tukapanda kwenye mizinga.

Nilivuna upande wa nyuma wa gogo peke yake. Masega mawili hapa, matatu pale, nikifunga kila mzinga kabla ya kwenda kwa mwingine. Ile iliyohamwa sikuigusa. Nilipofika mzinga wa mwisho, ulio kwenye mti wa pembeni unaotazama bonde, ndoo ilibakiza nafasi ya sega moja. Nikafungua gogo. Lilikuwa limejaa mwanzo hadi mwisho, masega meupe yaliyofunikwa nta, mazito, ya kupindukia. Katika maisha yangu sijaona mzinga umejaa hivyo. Nilikata sega moja, nikaliteremsha kwa kamba, na wifi akalitia kwenye ndoo. Ikajaa.

"Tunaweza kufunga blanketi nje," wifi akasema kutoka chini, kwa sauti ya upole ya mtu anayetaka kusaidia. "Hapo kwa blanketi panaingia asali ndani ya karatasi ya nailoni vizuri sana. Na huyu binamu yenu akija, si atachukua yote?"

Alikuwa amesema kweli. Kama baba angekataa, asali ile yote ingepanda pikapu kwenda Chebunyo. Niling'ang'ania mti na kisu kikiwa mkononi, na mikono ikawasha. Naapa iliwasha. Mtu asiyechuma chai hawezi kuelewa, lakini kila kidole changu kilikuwa kinaniambia kwamba narudi nyumbani na kikapu nusu. Nilifikiria baba akitazama fimbo yake ikizama. Nilifikiria lile gogo kimya na sikio langu juu yake. Nikachukua kifuniko cha mzinga, nikakirudisha mahali pake, nikakaza kwa kamba mara mbili, na nikateremka kabla sijabadilisha nia.

Chini nilitia ndoo begini, blanketi juu, nikavuta zipu. Kisha nikalikalia mpaka wifi alipomaliza kukunja kamba. Hakuniuliza ninafanya nini.

Baba alikuwa amekaa pale pale nje. Alituona tukitokea kwenye chai, na nilimwona akikaza macho, kwa sababu rangi ile huonekana mbali. Nililiweka begi mbele yake. Alimtazama yule paka muda mrefu.

"Hii ni begi ya nani?"

"Ni yangu."

Alifungua zipu, akatoa blanketi, akainua kifuniko cha ndoo, akatazama, akafunga. Hakuonja. Akarudisha blanketi, akafunga zipu. Halafu akaegemea fimbo, akasimama, akaingiza mkono mmoja kwenye mkanda, kisha wa pili. Nilitaka kumzuia, wifi akanishika nguo. Mzee wa nyonga mbovu, na begi la waridi la mtoto wa shule mgongoni, alitembea taratibu hadi mlango wa zizi. Akasimama hapo akipandisha mabega na kuyashusha, kama ninavyomkumbuka akifanya zamani akitoka msituni. Akageuka akarudi.

"Iko sawa na yangu," akasema.

Akaomba simu. Wifi akamtafutia namba ya Chebunyo, akampa. Walisalimiana kwa kirefu na binamu, habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za watoto. Kisha baba akamwambia asijisumbue kutafuta pikapu.

"Mizinga iko na mwenyewe," akasema.

Binamu aliuliza kitu. Baba akajibu, "Ni kogo," akamrudishia wifi simu.

Akaingia ndani bila kulivua begi. Nikasikia akihangaika nyuma ya mlango, nikaingia kumsaidia. Alikuwa ameshika mfuko wake wa ngozi mkononi, ule uliotobolewa na panya. Nilinyoosha mkono kuupokea, nikidhani ananipa.

"Huu ni wangu," akasema. "Wewe uko na yako."

Aliniomba nitoe ndoo na blanketi. Nikatoa. Akaliinua begi tupu, akalining'iniza kwenye kigingi kwa mkanda wake mdogo wa juu, ule ambao watoto hutumia kulitundika darasani, na paka akawa anatazama mlangoni. Mfuko wa ngozi aliubeba mwenyewe, polepole, akaenda kuutundika kwenye msumari wa jikoni.